Barua za Mulei Nilikuwa Naziandika Mimi

Jumapili, saa tisa na nusu alasiri. Niko Homa Bay. Jua limetuchoma tangu asubuhi, na sasa mawingu yanajikusanya juu ya ziwa upande wa Mbita. Nimekaa ndani ya gari, vioo nimefunga, natokwa na jasho, na sitaki kuvifungua.

Naogopa.

Nyinyi mnaosoma hii blogu yangu mmezoea habari za matangi ya maji, kwaya ya kanisa letu na sukari yangu inayopanda na kushuka. Leo hakuna hayo. Leo naandika kwa sababu mikono haina kitu kingine cha kushika isipokuwa hii simu.

Niko nje ya hoteli moja karibu na maji. Ndani wanajaribu ngoma. Bendi inaitwa Vumbi Kali. Vijana hamwezi kuijua. Okeyo, rafiki yangu, ameingia huko ndani peke yake kuonana na mwimbaji wao, Mulei, na ameniambia nisimfuate. Sijui atatoka vipi. Sijui kama atatoka kupitia geti hili ambalo mimi naliangalia.

Wacha niandike kutoka mwanzo kabla sijaanza kujidanganya tena.

Kabla niwe na duka la vifaa vya maji hapo Migori, nilikuwa kijana wa cyber. Nilimaliza form four, nikakaa nyumbani miaka miwili, halafu mzee mmoja wa kanisa letu akafungua cyber yenye kompyuta nne, akaniweka hapo niwe nafundisha watu kushika mouse. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Watu wazima walikuwa wanaishika kama wameshika kifaranga.

Na mimi nilikuwa napenda rock. Msicheke. Siku hizo, mtu wa Migori kupenda rock ilikuwa ni ugonjwa wa peke yako. Tulikuwa na kipindi kimoja tu kwa redio, mara moja kwa wiki. Nilikuwa nakaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi nikiomba mtangazaji anyamaze. Magazeti ya muziki yalikuwa yanafika yakiwa yamepitia mikono kumi, picha nzuri zote zimekatwa. Kanisani walisema ni makelele ya shetani. Nyumbani walisema ni makelele tu. Nilidhani Nyanza nzima tuko wawili, mimi na karani mmoja Mkatoliki ambaye baadaye alihamishwa.

Halafu siku moja, cyber ikiwa haina mtu, nikaandika jina la Vumbi Kali kwenye ile mashine.

Kumbe tuko wengi.

Kulikuwa na dada wa Eldoret, nesi wa Mombasa, fundi viatu wa Kitale. Walikuwa wanaandikiana kila siku, wanabishana ni wimbo gani mzuri, wanaambiana show itakuwa wapi. Picha ya Mulei ilikuwa inashuka pole pole kutoka juu, nywele kwanza, halafu macho, halafu kidevu, na ukikaribia kufika kwa gitaa stima inapotea. Unaanza tena kwa nywele. Sikujali. Nilikuwa na watu.

Nikatengeneza ukurasa wa bendi, ule wa bure, rangi nyeusi na maandishi mekundu ya kuumiza macho. Baada ya miezi michache simu ya cyber ikalia. Alikuwa ni mtu wa kusimamia mambo ya bendi, kutoka Nairobi. Aliniambia wameona kazi yangu, na kwa vile wao hawajui mambo ya kompyuta, mimi nishike email ya mashabiki. Niprinti barua, niziweke kwa bahasha, nizipeleke ofisi ya basi. Mulei atasoma, ataandika majibu kwa mkono, watanirudishia, mimi nichape nitume.

Siku hiyo niliruka hadi nikagonga kichwa kwa rafu.

Bahasha ya kwanza ilirudi na majibu. Ya pili ikarudi na majibu mawili tu. Ya tatu, kimya. Nilipopiga simu ofisi ya basi Nairobi, mtu wa huko akaniambia, "Wewe wa Migori, bahasha zako zimejaa hapa. Hakuna mtu amekuja kuchukua."

Na mashabiki walikuwa wanaendelea kuandika. Mulei, mbona umenyamaza? Mulei, tumekukosea? Nesi wa Mombasa aliandika mara tano. Nilimhurumia. Hiyo ndiyo naweza kusema kwa kujitetea, na ni ya kweli, lakini ni ya kweli kwa wiki moja tu. Nilimjibu mistari mitatu na chini nikaandika: Mulei.

Nilijiambia ni mara moja.

Baada ya hapo haikuwa huruma tena. Ilikuwa utamu. Mimi, ambaye hata mama mboga alikuwa ananiita "wewe wa kompyuta", nilikuwa naketi pale na watu wananiambia mambo ambayo hawajaambia wake zao. Zamani shabiki alikuwa anabandika picha ukutani na inaishia hapo. Picha haikujibu, na hakuna mtu alitegemea ijibu. Hii mashine ndiyo ilileta hiyo njaa mpya, ya kutaka yule mtu wa mbali akujue jina. Na mimi nilikaa katikati ya njaa na chakula, nikala vyote viwili.

Okeyo alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana wa Sindo, umri wangu. Siku za Jumanne na Ijumaa alikuwa anasafiri hadi Homa Bay kwa sababu huko ndiko kulikuwa na cyber. Alikuwa anakaa hapa Homa Bay akidhani anaandika Nairobi, na mimi nilikuwa Migori nikijifanya niko Nairobi. Hakuna aliyekuwa Nairobi.

Aliandika vizuri. Mambo ya kuvunja mbavu, kuhusu gitaa lake alilotengeneza na debe na waya wa breki, kuhusu mdogo wake Omondi aliyekuwa anapiga ngoma kwa jerikeni. Kwa barua ya sita nilimjibu hivi, na nayakumbuka maneno kwa sababu nimeyaona tena mara nyingi sana: "Okeyo, wewe si shabiki, wewe ni ndugu yangu. Ijumaa ningoje. Nitakutumia maneno ya wimbo mpya ambao hakuna mtu amesikia."

Hakukuwa na wimbo mpya. Nilikuwa nimepanga kuutunga mimi mwenyewe hiyo Ijumaa mchana.

Sasa, mwenye cyber alikuwa Msabato, na mimi ni Msabato. Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua likizama Sabato imeanza, na kabla lizame nguo ziwe zimepigwa pasi, chakula kimepikwa, mwili umeoga. Ijumaa nyingine tulifunga saa kumi. Ijumaa hiyo mzee alikuwa na wageni wa kanisa, akaja saa nane akasema, "Zima mashine, twende tujiandae." Nilikuwa bado sijaandika hata neno moja la huo wimbo. Nilizima. Nilifikiria Okeyo kwa dakika moja, nikasema atasubiri Jumanne.

Barua ya saba ilikuja kama wiki mbili baadaye.

Nimekaa miaka zaidi ya ishirini na hiyo barua ndani yangu, na hakuna mtu nimewahi kumwambia, hata mke wangu. Okeyo aliandika kwamba ile Ijumaa hakuwa amekuja Homa Bay kwa ajili yangu tu. Alikuwa ametumwa. Omondi alikuwa na malaria kali, na daktari wa kule alikuwa ameandika dawa ya kununua Homa Bay. Okeyo alinunua dawa saa saba. Gari la kurudi Sindo lilikuwa linaondoka saa tisa. Akasema apitie cyber aone kama Mulei ametuma.

Mulei hakuwa ametuma.

Akangoja. Mashine ya karibu na dirisha, dawa iko mfukoni, anafungua email, anafunga, anafungua. Saa tisa ikapita. Akasema atapata gari lingine. Gari lingine halikuja. Alifika Sindo kesho yake asubuhi na akakuta watu wamejaa kwa boma.

Nyumbani aliwaambia gari liliharibika njiani. Wakaamini. Na kwa barua akaandika: "Mulei, ni wewe peke yako unajua. Niambie ukweli, ni mimi nimemuua?"

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikabadilisha password nikaweka herufi zozote ili hata mimi nisiweze kurudi. Mwezi uliofuata niliacha kazi ya cyber.

Sikumjibu.

Kama ningekuwa namuandikia mtu asiyejulikana, labda ingeishia hapo. Lakini miaka kumi na mbili iliyopita fundi wa stima mgeni alihamia Migori, akaingia kanisa letu, na siku moja akaja dukani kwangu kununua kitu. Nilikuwa nimeweka wimbo wa zamani wa Vumbi Kali kwa sauti ya chini, huko nyuma kwa matangi. Akasimama. Akaimba ubeti wa pili wote. Halafu akasema, "Omera, ndugu yangu, unawajua hawa? Mimi Mulei aliwahi kuniandikia barua!"

Aliponitajia jina lake nilishika kaunta.

Ningesema siku hiyo. Nilisema, "Kweli?"

Tukawa marafiki. Mke wangu akimpigia simu anamwita shemeji, na yeye ananiita Baba Awuor, kwa jina la mtoto wangu. Tulikuwa tunafungia mlango wa stoo na kusikiliza rock kama watoto wanaoiba sukari, maana wazee wa kanisa wangetuita kwa kikao. Nyumbani kwake, ukutani, juu ya televisheni, kuna ile barua ya sita, aliiprinti akaifanyia lamination ya plastiki. Nimekunywa chai chini ya hiyo barua zaidi ya mara mia. Wageni wanamuuliza, yeye anawaambia, "Huyo ni Mulei mwenyewe." Na mimi natikisa kichwa. Ndiyo, ni Mulei.

Mwezi uliopita Okeyo alikuja dukani akikimbia, mtu wa miaka arobaini na kitu, simu mkononi. Vumbi Kali wamerudi pamoja, wanazunguka miji, watafika Homa Bay. Na kabla ya show mashabiki wa zamani wataruhusiwa kumsalimia Mulei.

"Tunaenda sisi wawili," akasema. "Na nina swali moja tu la kumuuliza yule mtu. Moja tu."

Hakuniambia ni swali gani. Tangu hiyo siku sijalala vizuri, kwa sababu nililijua.

Nilikuwa namuona Okeyo amesimama mbele ya Mulei na hilo swali, na Mulei anamuangalia na kumuuliza, wewe ni nani? Nilijua lazima nimwambie kabla ya leo. Nilikuwa na mwezi mzima. Niliumaliza kwa kuhesabu mabomba.

Jana ilikuwa Meza ya Bwana. Kwetu, kabla ya mkate na divai, wanaume huenda upande wao na mabeseni, kila mtu na mwenzake, mnatawadhana miguu. Mzee husema, kama una neno na ndugu yako, litoe sasa kabla hujagusa maji. Okeyo alinijia na beseni moja kwa moja kama kila robo mwaka. Akapiga magoti. Akanivua soksi. Aliosha mguu wangu wa kushoto pole pole kwa sababu anajua sukari imeniletea kidonda, akaukausha kwa taulo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kesho kunyoa ndevu, tusionekane wazee."

Neno lilikuwa kwa ulimi. Nilimeza. Nikamuosha na yeye, tukaombeana, tukakumbatiana, nikaenda nikala mkate.

Nimekuwa mtu wa kanisa maisha yangu yote na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikitafuna ule mkate.

Leo asubuhi tukatoka Migori na gari langu. Okeyo alikuwa amevaa tisheti ya Vumbi Kali ya zamani ile. Imempanda juu ya tumbo.

"Hii tisheti imenikataa," akasema.

"Haijakukataa. Imeshindwa na ugali."

Alicheka hadi akakohoa. Rongo tulisimama kunywa chai, na mama wa hoteli akatuangalia juu hadi chini.

"Wazee, mnaenda harusi?"

"Tunaenda kuona bendi, mama," Okeyo akamjibu.

"Bendi ya kanisa?"

"Ni kanisa ya aina yake."

"Na hizo mvi zote! Wake wenu wanajua?"

"Wa huyu anajua," Okeyo akasema akinionyesha kidole. "Huyu hawezi kuficha kitu. Uso wake ni kama dirisha."

Chai ilinipalia. Nilikuwa nimeapa nitamwambia Rongo. Tuliondoka Rongo sijasema.

Kufika hapa, tukaagiza samaki pale karibu na maji, na tukiwa tunangoja, Okeyo akafungua bahasha aliyokuwa nayo tangu asubuhi. Akatoa ile barua ya ukutani. Amekuja nayo, na misumari imeacha matundu kwa kona. Halafu akatoa karatasi nyingine, mpya, imeandikwa kwa mkono, kurasa mbili.

"Hii sijawahi kukuonyesha," akasema. "Niliwahi kumwandikia kitu kizito. Hakujibu. Miaka yote nimejiambia haikumfikia. Unajua vile mtandao wa siku hizo ulikuwa unameza vitu. Sasa nimeiandika upya vile naikumbuka, nimpatie mkononi. Akisoma kama kitu kipya kwake, nitajua haikumfikia. Basi, nitatulia."

Nikaona kwamba haogopi kujibiwa vibaya. Anaogopa kwamba ilifika na mtu akaisoma na akanyamaza.

"Ilifika," nikasema.

"Nini ilifika?"

"Hiyo barua. Ilifika."

Akatabasamu kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. "Umejuaje?"

"Kwa sababu niliisoma mimi. Mimi ndiye nilikuwa kwa hiyo email, Okeyo. Nilikuwa Migori kwa cyber. Mulei hakuwahi kukuandikia. Hata hiyo ya ukutani. Ni mimi."

Msichana akaleta maji ya kunawa, Okeyo akanyoosha mikono akanawa vizuri, kila kidole, akamshukuru. Msichana alipoondoka akaniambia, "Hebu sema iliandikwa nini."

Nilimwambia. Dawa mfukoni. Mashine ya karibu na dirisha. Gari la saa tisa. Nilipofika kwa gari lililoharibika njiani akainua mkono.

"Nyamaza. Watu wanasikia."

Samaki wakaja, wakakaa hapo mbele yetu.

"Hiyo Ijumaa," akasema, "ulikuwa wapi?"

"Tulifunga saa nane."

"Kwa nini?"

"Maandalio."

"Maandalio." Akalirudia hilo neno kama analipima uzito. "Nilikaa kwa hiyo mashine hadi saa kumi na mbili, Baba Awuor. Wenye cyber walikuja kunifukuza. Na wewe ulikuwa umeshaoga, umevaa shati safi, unaenda kuimba."

Nilikuwa nimevaa shati safi. Nakumbuka hata rangi.

"Miaka kumi na mbili unakuja kwangu," akasema. "Ninakuhadithia vile gari liliharibika. Mara ngapi? Na unasema pole. Unasema pole, Baba Awuor, na unajua nakudanganya, na unaniacha nidanganye."

Hapo ndipo niliposhtuka. Mwezi mzima nilikuwa naogopa kwamba atanichukia kwa kujifanya Mulei. Sikuwahi kufikiria hili lingine, kwamba nimekuwa nikimuangalia akiwa uchi na yeye anadhani amevaa.

"Basi jibu," akasema.

"Nijibu nini?"

"Si niliuliza swali? Si ulisoma? Jibu."

Nilifungua mdomo na nikasikia maneno yanakuja yenyewe, matamu, tayari. Ndugu yangu, usijilaumu. Ndugu yangu, yote ni mapenzi ya Mungu. Nilijua hiyo sauti ni ya nani. Ni ile niliyokuwa natumia kwa cyber. Nikaufunga mdomo.

"Sijui," nikasema. "Sijui kama angepona ukifika mapema. Lakini hukukaa hapo bure kama mjinga. Uliambiwa ungoje. Mimi ndiye nilikuambia ungoje, na sikuwa na kitu cha kukupa."

Okeyo akachukua ile karatasi ya mkono, akaikunja, akaiweka mfukoni. Ile ya lamination aliiacha pale mezani karibu na samaki. Akatembea kuja huku hotelini kwa miguu. Nilimfuata na gari pole pole kama polisi, na getini akageuka akasema, "Usiingie."

Hiyo ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache.

Naogopa anamwambia Mulei sasa hivi, mbele ya wote. Naogopa watu wa kanisa. Naogopa uso wa mke wangu. Naorodhesha hofu ndogo kwa sababu ile kubwa sitaki kuiangalia, nayo ni kwamba Okeyo atatoka, aite pikipiki, na nisimuone tena.

Ngojeni. Naona tisheti.

*

Saa kumi na dakika kumi. Naandika haraka.

Alikuja hadi kwa gari, akagonga kioo. Nikafungua. Nyuma yake wimbo wa kwanza ulikuwa umeanza, ule ambao tumeuimba stoo miaka yote, na hakugeuka hata kuangalia.

"Nimemuona," akasema. "Amezeeka kuliko sisi. Ameniuliza jina, nikamwambia. Akasema amefurahi kunijua."

"Ulimpa barua?"

"Nimpe ya nini? Yeye siye aliyeniambia ningoje."

Akafungua mlango wa nyuma. Hakuja mbele, alipokuwa ameketi asubuhi. Akakaa nyuma kama abiria wa kulipa, akafunga mlango, akasema, "Twende Sindo."

"Sindo?"

"Kwa mama. Bado anaamini gari liliharibika. Dereva wa hilo gari, mzee Ouma, mama hakumsalimia hadi akakufa, na gari lake halikuwa na shida yoyote. Leo nitamwambia ukweli. Lakini wewe ndiye utaanza."

Nilimwambia pengine ni vizuri tumpe mama muda, ni mzee, tupange siku. Akasema, "Ulishapanga siku. Ulipanga Ijumaa."

Basi tunaenda. Tumesimama kwa duka la njiani, Okeyo ameshuka kununua sukari na mkate, kwa sababu hata ukipeleka habari kama hii huwezi kufika kwa mama mikono mitupu. Namuona kwa mlango anachagua mkate, anaubonyeza kidogo kujua kama ni wa leo. Mvua imeanza kudondoka kwa kioo, matone makubwa machache.

Huyo mama nimemuona mara tatu tu. Alinipikia kuku. Alinibariki kwa mkono juu ya kichwa, akasema amefurahi Okeyo amepata ndugu.

Naogopa yule mama mfupi kuliko nilivyowahi kuogopa mtu yeyote duniani. Natafuta sentensi ya kwanza, na kila ninayoipata ni nzuri mno, ina mapambo, najua ilikotoka. Naifuta.

Okeyo analipa. Anakuja.

Nadhani nitaanza na jina langu. Nitamwambia mimi naitwa nani, na nilikuwa nafanya kazi gani, na wapi. Halafu nitaendelea hadi atakaponiambia nitoke.